Sola na kivuli kwenye boti tunamoishi

Wengi wanaotuuliza habari za sola ya boti huanzia kwenye paneli: za wati ngapi, bei gani, tumenunua duka gani. Mimi huwarudishia swali: mchana mnakaa wapi? Kwenye boti ya kuishi, kivuli na umeme ni kazi moja. Ukizifanya mbalimbali utatoboa sitaha mara mbili, utamlipa mchomeleaji mara mbili, na mwisho paa la kivuli na paneli vitagombania nafasi ileile ya nyuma ambayo hata watu wanne hawaenei kwa raha. Naandika haya kwa ajili ya mwenye boti ya tanga, awe Tanga, Bagamoyo au Kilwa, anayefikiria kazi hii na bado hajaianza.

Boti yetu ni ya faibaglasi, mlingoti mmoja, urefu mita kumi. Mume wangu ni baharia, amekulia Sahare, hapa Tanga, kwenye mashua ya baba yake. Mimi ni mshonaji, nilikuwa na kibanda changu cha cherehani Ngamiani. Tuliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarejea kwao Ulaya na hakutaka iozee kwenye nanga. Fedha tulizotoa zilikuwa za kiwanja. Ndugu walisema tumenunua nyumba isiyo na msingi wala hati, na mama mkwe alinyamaza siku nyingi, jambo ambalo kwake ni zito kuliko maneno. Tulihamia hivyohivyo, na tunaishi humo mpaka leo, nanga yetu iko Raskazone, kihori kinatupeleka pwani asubuhi na kuturudisha jioni.

Kilichotusumbua kuliko vyote ni joto. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi ikilegea mchana, kokpiti, lile shimo la nyuma anamokaa mshika kana (mkono wa usukani), lilikuwa halikaliki. Benchi za faibaglasi zinaunguza mapaja hata ukitandika mkeka. Ukishuka ndani hakuna hewa. Na umeme wetu ulikuwa jenereta ndogo ya petroli iliyofungwa kamba tezini, yaani nyuma ya boti, inanguruma asubuhi na inanguruma tena jioni ili friji na taa vifike usiku. Gharama nilikuwa naziandika kwenye daftari la mapato ya ushonaji: zaidi ya elfu thelathini kwa wiki, kwa petroli tu. Upepo ukigeuka moshi unaingia chumbani. Hapo niseme bila kuzunguka: moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na humuua mtu usingizini. Kama mnalala kwenye boti na mnawasha jenereta nyuma, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuanza kufikiria sola.

Tulianza kwa kupima, kabla ya kununua hata skrubu. Fundi redio mmoja wa Ngamiani alituazima mita ya kubana, ile unayouzungushia waya bila kuukata. Hakikisheni ni aina inayosoma umeme wa betri, maana nyingi zinazouzwa zinasoma wa majumbani pekee. Friji yetu ya volti 12 ilikuwa inavuta ampea 4 na nusu kila kompresa ikiwaka, na kwa joto hili ilikuwa inawaka zaidi ya nusu ya siku. Peke yake ilikula ampea-saa (ampea mara saa) 55 kwa siku. Taa za LED, feni mbili, pampu ya maji, simu na redio ya mawasiliano ya VHF kwa pamoja zilikula 25. Jumla 80, ambayo ni kama uniti moja ya Tanesco. Nikimwambia mtu kwamba nyumba nzima inayoelea inaishi kwa uniti moja kwa siku haamini, lakini ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu sola inawezekana.

Kisha tukaipunguza. Kuta za sanduku la friji zilikuwa nyembamba. Tuliongeza vipande vya povu gumu la kuzuia joto, unene wa sentimita tano, tukaziba mianya yote, tukabadilisha mpira wa kifuniko. Friji ikashuka mpaka karibu 40. Kazi hiyo ilikuwa ya bei ndogo kuliko paneli moja, na ningemshauri yeyote aanze nayo.

Halafu tulikaa tukitazama kivuli cha mlingoti. Hili halikugharimu kitu, na ndilo lililoamua yote yaliyofuata. Boti iliyotia nanga huelekeza omo, yaani pua yake, kwenye upepo. Wakati wa kusi omo inatazama kusini au kusini mashariki, na miezi ya Juni na Julai jua la adhuhuri kwetu liko upande wa kaskazini, yaani nyuma ya boti. Kaskazi ikiingia, boti inageuka kutazama kaskazini mashariki, na jua nalo limeshahamia kusini: liko nyuma tena. Misimu yote miwili kivuli cha mlingoti cha adhuhuri kinaangukia mbele, na tezi inabaki wazi. Mapema Machi na mapema Oktoba, kwa kuwa Tanga iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini na kivuli kinakuwa kifupi mno kuleta hasara. Kwa nanga za pwani yetu basi, paneli zikae nyuma kabisa, tena zilale sawa bila kuinamishwa, kwa sababu maji yakijaa na kupwa boti inazunguka, na paneli uliyoielekeza upande mmoja saa nne itakuwa imelipa jua kisogo saa nane.

Asubuhi mambo ni mengine. Jua likiwa bado chini mashariki, bumu, ile boriti ya chini ya tanga kubwa, inatupa kivuli kirefu mpaka nyuma. Na kivuli chembamba kwenye paneli si hasara nyembamba. Seli zake zimeungwa kwa kufuatana, mkondo wa umeme unapita kwenye moja hadi nyingine. Ikizibwa seli moja tu, theluthi ya paneli inaweza kunyamaza. Siku hizi tukishatia nanga tunalivuta bumu pembeni kwa kamba, na paneli zetu mbili tumeziunganisha sambamba ili moja ikifunikwa nyingine iendelee. Angekuwa na nafasi isiyoguswa na kivuli, mtu angeweza kuziunga kwa kufuatana akatumia waya mwembamba. Kwenye boti yenye mlingoti sisi tumechagua usambamba, na waya mnene.

Paa tulilijaribu kwanza kwa fito. Mume wangu alifunga fito na kamba kwa umbo la paa tulilolifikiria, mimi nikatandika shuka kuukuu juu, tukaishi chini yake mpaka tukajua linatukera wapi. Tuligundua kwamba kimo kilichofaa kwa kukaa kilikuwa kinamgonga kichwa akisimama kushika kana, na kwamba saa kumi jioni jua lilikuwa linaingia kwa ubavuni na paa halisaidii kitu. Mzee mmoja, nahodha wa jahazi aliyestaafu, alikuja na kihori chake kutusalimu, akaketi, akatazama juu, akasema:

"Wanangu, kivuli ni kizuri. Lakini msiezeke mpaka mkashindwa kuliona tanga."

"Tutatoboa dirisha, baba," mume wangu akamjibu.

"Litoboe kabla hujashona, si baada."

Ndiyo sababu paa letu lina dirisha la plastiki angavu juu ya mshika kana. Akiinua macho anaona kitambaa cha tanga kikipigapiga bila kutoka kivulini. Kama si mzee yule tungelikumbuka jambo hilo tukiwa tayari baharini.

Mifupa ya paa ni mabomba ya stenlesi, na hapa ndipo fedha zilipovuja. Stenlesi ziko za namba. Ya 304 ndiyo iliyojaa mjini, kwenye mageti na ngazi za majumba. Ya 316 ina molibdeni na ndiyo inayostahimili chumvi. Kwa macho hazitofautiani, na sumaku haitakusaidia kuzitenganisha. Tulimuuliza mchomeleaji wa kwanza akatujibu, "Mama, stenlesi ni stenlesi, haipati kutu hiyo." Alikuwa kijana mwenye mkono mwepesi na mageti yake yanapendeza. Lakini alisaga maungio kwa jiwe lilelile alilokuwa akisagia chuma cha kawaida, na vumbi la chuma likaingia kwenye stenlesi. Kabla masika haijaisha mistari ya kahawia ilikuwa inateremka kutoka kila kiungo, na kwenye kiungo kimoja kulikuwa na ufa.

Fundi wa pili alituchomelea kwa gesi ya agoni, akatumia mawe mapya yasiyowahi kugusa chuma kingine, akasugua rangi yote ya bluu na kahawia iliyoachwa na moto, kisha tukapaka maji ya asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa kwa watengeneza juisi, tukaacha ikae na kuisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Viungo hivyo bado vinang'aa. Kwa hiyo ukienda kwa mchomeleaji, usimwulize kama anajua stenlesi, kwa kuwa kila mmoja atasema anajua. Omba kuona jiwe analosagia, na uulize kama amewahi kuchomea kitu kinachokaa baharini, kisha ukakione.

Pale miguu ya paa ilipokutana na sitaha tulikwenda polepole sana. Sitaha ya faibaglasi mara nyingi ina mbao au povu katikati, kama andazi lenye nyama, na tundu la bolti ni njia ya maji kwenda kuiozesha hiyo nyama bila wewe kuona. Tulitoboa matundu makubwa kuliko bolti, tukakwangua mbao iliyo pembeni mwa tundu, tukajaza gundi ya epoksi, ikakauka, ndipo tukatoboa upya katikati ya epoksi kwa kipimo cha bolti. Chini ya sitaha kila mguu una bamba pana la kugawa uzito. Upepo ukiingia chini ya paneli mbili unazivuta juu kwa nguvu ya kutisha, na ni hayo mabamba yanayozuia.

Sasa paneli zenyewe. Sokoni kuna paneli zenye karatasi nyuma inayosema wati 300 na mwili wake ni wa 150. Nendeni na futi kamba. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Pima urefu, zidisha na upana. Ikiwa paneli haifiki hata mita moja ya mraba na karatasi inasema 300, irudishe ilipokuwa. Zetu ni mbili za wati 200, kila moja karibu mita moja na nusu kwa sentimita 67, zimelazwa bega kwa bega juu ya tao la nyuma, lile la mabomba. Chini yake tumeacha upenyo wa hewa, kwa kuwa paneli ikipata moto inapoteza nguvu, kama asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto la seli inayozidi 25. Paneli iliyobandikwa juu ya sitaha bila upenyo, kwa jua la Tanga, inapoteza sehemu ya kile ulichokilipia kila siku.

Waya nao una ulaghai wake. Kuna nyaya zinazoonekana za shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, usinunue hata kama ni nusu bei. Alumini hiyo kwenye hewa ya chumvi inakufa kwenye kiungo, kiungo kinapata moto, na moto kwenye boti ya faibaglasi hauna mlango wa kukimbilia. Ukiweza kupata waya wenye nyuzi zilizopakwa bati, ndio bora. Shaba tupu huota ukungu wa kijani mpaka ndani ya gamba lake. Unene pia uhesabiwe. Kutoka kwenye paneli zetu mpaka kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, ni mita 7, kwenda na kurudi 14, na ampea 20 zinapita. Kwa waya wa milimita 4 za mraba tungepoteza zaidi ya volti moja njiani. Tuliweka wa milimita 10, na tunapoteza kama nusu volti.

Betri tulizozikuta zilikuwa za risasi, zimeshakufa. Betri ya risasi inataka isishushwe chini ya nusu, nayo ijazwe mpaka juu mara kwa mara. Ikitulia ni volti 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu. Zile zilikuwa zimeishi miaka zikiwa nusu tupu, kwa sababu jenereta ya saa chache haiwezi kuzijaza. Tulichagua lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ampea-saa 200. Ni ghali, na karibu nusu ya bajeti iliishia hapo, lakini unaweza kutumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza, na uzito wake ni chini ya nusu ya risasi. Mizani ni rafiki yako hapa pia. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 hukaribia kilo 30. Ukiuziwa ya risasi yenye maandishi ya 100 na inainuliwa na mtoto, kuna sahani zimepungua ndani.

Kuna mambo matatu ya lithiamu ambayo fundi wetu wa sola, hodari sana kwenye mapaa ya nyumba, hakuyajua kwa sababu nyumba hazimdai ayajue. Voltimita haikuonyeshi imebaki kiasi gani, kwa kuwa volti zake hukaa palepale mpaka karibu na mwisho. Unahitaji kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Haitakiwi kuungwa moja kwa moja na alteneta ya injini, maana inavuta mkondo mwingi mpaka alteneta inaungua. Sisi tumeiacha injini na betri yake ndogo ya risasi ya kuwashia. Na isiwekwe kwenye chumba cha injini, ambamo joto linavuka digrii 45 bila shida. Yetu iko chini ya kitanda, imefungwa mikanda ili boti ikilala isitoke mahali pake.

Fyuzi iwe karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Niliwahi kuona kwenye boti moja imewekwa mita mbili mbali, karibu na swichi, kwa sababu palikuwa pazuri kufikika. Zile mita mbili zilikuwa waya usio na ulinzi wowote, unapita pembeni mwa kona ya bamba la chuma. Na kila waya unaoingia kwenye kifaa uning'inize kitanzi kidogo chini kabla haujaingia, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya mpaka ndani.

Kushona ndiyo kazi niliyoijua, na bado ilinifundisha. Turubai la maroli ndilo tuliloweza kulimudu. Halipitishi mvua, lakini halipumui, kwa hiyo chini yake pawe na kimo na pande ziwe wazi. Rangi tulichagua kijivu. Jeupe linaumiza macho ya mshika kana mchana kutwa. Uzi usiwe wa pamba. Jua hukata uzi kabla ya kitambaa, kwa hiyo tafuta wa poliesta mnene, sindano namba 18, na cherehani ya miguu inatosha ukienda taratibu kwenye mikunjo minne. Kila pembe niliweka viraka viwili kabla ya kupiga macho ya shaba. Zipu ziwe za plastiki, na meno makubwa. Za chuma hugandishwa na chumvi.

Pande nimezifanyia mapazia ya neti nyeusi ya kitalu, ile wanayofunikia miche. Jua la jioni linazuiwa, matlai, ule upepo wa mashariki, inapita, na ukiwa ndani unaona nje vizuri. Hii ni sehemu niipendayo kuliko zote, na ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote. Paa zima linafunguliwa kwa vifundo vya kamba upande mmoja, linakunjwa na kufungwa kwenye bomba. Tulifanya mazoezi ya kulishusha usiku bila taa, kwa kuwa dhoruba za masika hazisubiri mtu atafute tochi. Mteremko wake unaelekea kona moja yenye mpira wa maji. Mvua ya kwanza tunaiacha ioshe chumvi, inayofuata inakwenda kwenye tangi.

Benchi tuliziwekea fito za msaji kutoka mashamba ya Longuza, Muheza, zenye nafasi katikati, na joto la faibaglasi halikuwa tatizo tena. Mto wa sponji ya kawaida unakunywa maji ya bahari na haukauki; ule wa povu lisilofyonza maji ni mgumu kidogo kukalia lakini unaelea, na mtu akianguka majini unaweza kumrushia. Matundu ya kutolea maji kwenye sakafu ya kokpiti tuliyapanua, kisha tukamwaga ndoo baada ya ndoo tukiangalia yanavyotoka. Wimbi moja likiingia kwa nyuma linaweza kujaza shimo lile lote, na boti yenye maji mazito tezini haitii usukani.

Dira ilitupa kazi. Waya ulio na mkondo una usumaku wake, na spika zina sumaku ya kudumu. Elekeza omo kwenye kitu cha mbali ambacho hakihami, washa kifaa kimoja kimoja, na utazame kama dira inasogea. Yetu ilisogea taa ya kokpiti ilipowashwa. Tulizisokota nyaya zake mbili pamoja, usumaku wa moja ukafuta wa nyingine, dira ikatulia. Taa yenyewe ni nyekundu, ili macho yasipoteze uzoefu wa giza. Ile ya nanga, nyeupe ya kuonekana pande zote, haizimwi usiku hata umeme uwe mdogo namna gani. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako kazini na ngalawa zinapita karibu bila injini. Wana haki ya kutuona.

Kusi ilipokuwa imekolea tulivuka kwenda Pemba. Mkondo kule unasukuma kaskazini na mawimbi yanatoka ubavuni, na nilikaa chini ya lile tao nikisikiliza kila kiungo. Turubai tulikuwa tumelishusha, paneli zilibaki. Hakuna kilicholegea. Kilichotushinda ni chumvi: tulipofika Wete paneli zilikuwa na utando mweupe na ampea zimeshuka, zikarudi baada ya kuoshwa kwa ndoo ya maji ya mvua na kitambaa laini. Tangu hapo kuzifuta ni sehemu ya kutia nanga.

Masika ndiyo kipimo kigumu zaidi. Siku ya jua tunapata ampea-saa 90 hadi 100, zaidi ya mahitaji. Siku ya wingu zito tunapata theluthi. Betri peke yake inatubeba siku mbili. Ya tatu friji tunaizima, samaki tunawanunua soko la Deep Sea asubuhi na kuwapika siku hiyohiyo. Jenereta bado tunayo, imefungwa kavu ndani ya kabati, na petroli ya wiki imekuwa petroli ya msimu.

Gharama, kama nilivyoziandika, kwa bei za wakati ule: paneli mbili 560,000, kontrola ya MPPT ya ampea 40, 420,000, betri 2,300,000, nyaya, fyuzi na vichwa vyake 390,000, stenlesi na uchomeleaji, pamoja na kurudia, 950,000, turubai, neti, uzi na zipu 310,000, msaji na mito 340,000. Jumla 5,270,000, bila kuhesabu mikono yetu. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kikoba changu, kwa awamu, na awamu zilitusaidia: kila hatua tuliishi nayo kabla ya kununua inayofuata. Mwenye fedha zote mkononi namsihi afanye vilevile. Povu la friji kwanza, kisha paa la fito, kisha mabomba, kisha umeme.

Kilichobaki ni pazia la mbele la kuzuia rasharasha za mawimbi, na pampu ya umeme ya kutoa maji ya ngama (yanayojikusanya chini ndani ya boti), ambayo itaungwa moja kwa moja na betri kwa fyuzi yake yenyewe, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Kipimo cha pazia nimeshachukua. Turubai lililobaki linatosha, na bomba la kulishikilia fundi wa agoni ameahidi kulikunja kaskazi ikianza.